Niliuza gari langu la tabo injini ikiwa baridi

Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, kijana mmoja alisimama mbele ya Forester yangu, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akageuka. "Mama, hujaliwasha leo?" Nikamwambia sijaliwasha tangu jana mchana. Akatabasamu. Hatukuwa tumetaja bei, lakini moyo wangu ulishatulia.

Kabla yake walifika watu kumi na mmoja, na waliopiga simu sikuwahesabu. Naandika haya yakiwa bado mabichi kichwani, kwa sababu kuuza gari lililotuniwa, yaani lililobadilishwa vifaa na mipangilio ili liongezeke nguvu, si sawa na kuuza gari la kawaida, na nilipotafuta mtu wa kunielekeza, karibu kila mmoja alinipa ushauri uleule: lirudishe kama lilivyotoka kiwandani, nyamaza, uza. Sikuweza kufanya hivyo, na sababu yake ni jinsi nilivyolinunua.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya mwaka 2004, ile yenye injini ya lita 2.0 ya tabo (kifaa kinachobana hewa na kuisukuma ndani ya injini) na gia tano za mkono. Nimekaa nalo miaka tisa. Ningekaa nalo tisa mingine kama goti langu la kushoto lingekubali. Klachi niliyofunga ni ngumu kuliko ya kiwandani, maana ile ya mwanzo ilikuwa inateleza kwa nguvu za injini, na foleni ya nusu saa ilinifanya nishuke nikichechemea. Daktari aliniambia wazi kwamba mguu ule usiendelee na kazi ile. Siku nilipokubali nilikaa ndani ya gari, milango imefungwa, nikalia.

Nililinunua mkononi mwa mwenyewe, bila dalali. Aliniambia ni la kiwandani kabisa, halijaguswa spana. Nilipofika kwake nililikuta linaunguruma uani, boneti limeshapata moto. "Nimelipasha ili usipoteze muda kusubiri," akasema, nami nikamshukuru kwa ukarimu. Sikujua kwamba injini yenye siri inazitoa asubuhi, ikiwa imelala usiku kucha: moshi wa bluu unaotoka mara moja na kukatika, pistoni zilizolika zinazogonga kuta za silinda hadi zipate joto na kutanuka. Ukiikuta ya moto, nusu ya ushahidi umeshaondoka.

Wiki ya tano nikiwa nalo, sauti ikaanza. Tok, tok, tok, ikifuata mguu wangu: nikikanyaga inaongezeka, nikiachia inapungua. Fundi alipofungua bolti la sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili iliyotoka ilikuwa nzito kama ya lori. Akaisugua kati ya vidole vyake viwili, akanionyesha kwenye mwanga wa tochi. Ilikuwa inametameta. Unga wa beringi. Beringi ya konrodi mojawapo, ile fimbo inayoishika pistoni kwa chini, ilikuwa imekwisha, na oili nzito iliwekwa makusudi ili kuinyamazisha kwa siku chache, zitoshe kuuzia.

Mtaalamu mmoja aliyeisoma kompyuta ya injini ndiye aliyemalizia habari. Ramani ya kiwandani, yaani maelekezo yanayoiambia kompyuta imwage mafuta kiasi gani na plagi ziwashe lini, haikuwemo. Mtu alikuwa ameipandisha presha ya tabo na kusogeza taimingi mbele ili plagi ziwashe mapema zaidi, kwa kiwango kinachotaka petroli ya okteni ya juu sana, nami nilikuwa naweka ya 95 kama dereva yeyote. Okteni ni kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kujilipukia. Petroli isiyofikia okteni inayotakiwa hujilipukia yenyewe silinda ikiwa imebanwa, kabla moto wa plagi haujafika kote; huko ndiko kugonga. Pistoni inapigwa nyundo, pistoni inampigia konrodi, konrodi anaipigia beringi. Kwenye gari la tabo mchezo huo hauchukui miezi. Yule bwana alijua gari limetuniwa. Angeniambia sentensi moja tu, "limetuniwa, petroli yake ni fulani," huenda injini ile ingekuwa hai hadi leo.

Nilijenga injini upya. Nikanunua pistoni za kufuliwa (zilizoundwa kwa kugandamizwa kwa nguvu, si kwa kumiminwa kwenye kalibu), beringi mpya, gasketi za hedi mpya, taimingi belti na pampu ya maji kwa pamoja. Siku hiyohiyo nikanunua daftari lenye jalada la bluu, na tangu hapo hakuna kitu kilichoingia kwenye gari lile bila kuandikwa: tarehe, kilomita, jina la kifaa, nani alikifunga, risiti ikiwa imebanwa kwenye ukurasa wake. Oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000, hata mwaka ambao hela ilikuwa ngumu.

Miaka iliyofuata nikaongeza vitu, kimoja kimoja. Intakula kubwa, yaani kipoza hewa, ya Subaru Impreza WRX STI, kwa sababu hewa inayobanwa na tabo hutoka ya moto, na hewa ya moto ndiyo mama wa kugonga. Pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa. Nozeli za kumwagia mafuta kwenye injini, kubwa zaidi. Kalipa za breki za pistoni nne kwa mbele, maana kuongeza mwendo bila kuongeza breki ni kujitafutia msiba. Ekzosi ya inchi tatu kuanzia kwenye tabo hadi nyuma, ila katalisti, ile inayosafisha moshi, niliiacha mahali pake. Sikutaka gari linaloangushwa kwenye ukaguzi wa moshi, na sikutaka mtoto wa mtu aliyesimama kituoni avute moshi mbichi wa kwangu. Tabo yenyewe, ile TD04 ndogo, sikuigusa. Inaamka mapema, na mimi ni mtu wa barabarani, si wa mashindano.

Kitu kingine nilichokataa kubadili ni manifoldi ya ekzosi, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda. Injini ya Subaru ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na mabomba ya manifoldi yake hayalingani urefu. Kutolingana huko ndiko kunakozaa ule mngurumo wa kukatikakatika unaotambulika kabla gari halijakata kona. Ukifunga manifoldi ya mabomba sawa unapata faida kidogo ya nguvu na mngurumo unakufa. Mafundi wawili walinishawishi. Niliwaambia hapana.

Sasa, ulipofika wakati wa kuuza, wazo la kwanza lilikuwa kung'oa kila kitu na kuuza vipande. Kihesabu linaeleweka. Anayetafuta intakula ya STI ataithamini kuliko anayetafuta gari la kubebea familia. Ila gari lililotuniwa si shelfu la duka. Kompyuta yake imeandikiwa vifaa vilivyomo. Inajua nozeli zina ukubwa gani, na kwa kujua hivyo ndivyo inavyohesabu mafuta ya kumwaga. Ukizirudisha nozeli ndogo ukaacha ramani ileile, chini ya presha injini inapata hewa nyingi na mafuta pungufu, na hapo pistoni zinayeyuka. Fundi wangu alilisema hili akiwa ameshika spana hewani, hataki kuendelea na kazi mpaka nimwelewe: ama virudi vyote vinavyohusiana na ramani, na ramani ya kiwandani irudi siku hiyohiyo, ama vibaki vyote.

Nikagawa vitu makundi mawili. Vilivyofungamana na ramani (nozeli, pampu, intakula, ekzosi) vikabaki. Visivyoijua ramani vikatoka: shokapu za kurekebisha kimo, rimu nyepesi, kiti cha mbio upande wa dereva. Mahali pake nikarudisha vya kiwandani, ambavyo nilikuwa nimevifunga kwenye magunia na kuvihifadhi miaka yote. Hivyo vitatu viliuzwa peke yake ndani ya wiki moja, tena kwa watu waliojua wanachonunua. Gari nalo likapata kimo cha kawaida, na mtu mzima akaweza kuingia bila kujikunja. Kama unatunia gari leo, tafadhali usitupe wala kumgawia mtu kifaa cha kiwandani. Siku ya kuuza utakitafuta kwa tochi.

Bei ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nilikaa na daftari nikajumlisha vifaa na ufundi, na jumla ikakaribia bei niliyonunulia gari lenyewe. Kisha nikatafuta magari kama langu, mwaka uleule, yasiyoguswa, nikaona yanaulizwa kiasi gani na yanakaa sokoni muda gani. Ukweli ni kwamba kwa wanunuzi walio wengi, kutunia kunashusha bei, maana kila mtu anaogopa aliyekuwa akilikanyaga. Nikachukua bei ya gari la kawaida lililotunzwa vizuri, nikaongeza kidogo kwa ajili ya injini iliyofunguliwa yenye risiti. Basi. Nguvu zile nilizozinunua nilishazitumia mwenyewe miaka saba, kwenye kila mlima niliopanda nikiwa gia ya nne.

Halafu nikampa fundi asubuhi nzima apime kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaifikisha ikibana hewa. Kwenye injini hii kazi hiyo inataka subira, kwa sababu plagi zinatazama pembeni, zimebanana na ubavu wa gari, na mkono wa fundi hutoka na michubuko. Plagi zote nne nje, betri imejaa, kanyagio la mafuta chini kabisa, injini ina joto. Silinda ya kwanza 150 psi, ya pili 148, ya tatu 151, ya nne 147. Namba zenyewe ni nzuri, lakini kilichonifurahisha zaidi ni ukaribu wake. Silinda moja ikibaki nyuma peke yake, hapo pana jambo. Tuliandika kwenye daftari, fundi akatia sahihi, nami nikapiga picha geji ikiwa bado imechomekwa.

Injini sikuiosha. Najua watu hupeleka gari likaoshwe hadi chini ya boneti paking'ae, lakini mnunuzi anayejua akiona injini imeng'arishwa jana anajiuliza ni uvujaji gani umeoshwa. Nilifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikaacha kila kitu kionekane.

Tangazo nililiandika kwa siku mbili. Nusu ya juu ilikuwa vilivyomo, nusu ya chini ilikuwa kasoro, na kasoro nilizipa picha zake. Kutu inayoanza kwenye upinde wa gurudumu la nyuma kulia. Gia ya pili inasaga asubuhi hadi oili ya giaboksi ipate joto, sinkro yake, inayolainisha kuingia kwa gia, imechoka. Inakula oili takriban nusu lita kati ya badilisho moja na jingine. Petroli okteni 95, isipungue hata siku moja. Na la mwisho, nililoliandika kwa herufi kubwa: PISTONI NI ZA KUFULIWA, ZINAGONGA KIDOGO INJINI IKIWA BARIDI. Pistoni za namna hiyo hutanuka zaidi zikipata moto, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda, na dakika za mwanzo zinacheza. Asiyejua atadhani ni beringi, na mimi najua hofu ya sauti ile ilivyo. Nikaweka na video ya injini ikiwashwa asubuhi, kuanzia ufunguo hadi kimya kinaporudi, bila kukata.

Rafiki yangu aliyeisoma alishtuka. Akaniambia hakuna atakayepiga simu. Walipiga. Walio wengi walikuwa na swali moja, "bei ya mwisho?", kabla hata ya salamu. Hao niliwajibu kwa upole kwamba bei ya mwisho inazungumzwa mbele ya gari, na tisa katika kumi hawakuonekana tena. Madalali nao walikuja na maneno matamu ya "nina mtu wangu". Sikuwakatalia kwa ubaya, kila mtu na riziki yake, lakini kati ya mwenye gari na mnunuzi wa gari kama hili hapafai kukaa mtu ambaye hawezi kueleza ramani ni nini.

Mmoja wa waliofika aliniumiza. Mtu mzima, msafi, mwenye heshima zake. Akanisalimu, akanipita, akaenda moja kwa moja kwa mume wangu aliyekuwa amekaa kivulini. "Shemeji, hili presha yake umeweka ngapi?" Mume wangu hajui hata boneti linafunguliwa wapi. Akanyoosha kidole kwangu: "Muulize mwenye gari." Yule bwana akanitazama, akacheka kidogo, akamrudia tena na swali la pili. Nilikuwa na daftari mkononi, miaka tisa ya kazi yangu, na hakunyoosha mkono kulipokea. Nilimwambia gari haliuzwi kwake. Sikupandisha sauti. Ila hadi leo nikikumbuka kile kicheko kifua kinakaza.

Utaratibu wangu wa kulijaribu barabarani ulikuwa mmoja kwa kila mtu. Leseni kwanza, naipiga picha. Naendesha mimi, mteja yuko pembeni, dakika kama ishirini. Kisha tunabadilishana, yeye anaendesha mimi niko pembeni, na hakuna kukanyaga mpaka geji ya joto la oili ipite nyuzi 80. Hapa pana jambo ambalo madereva wengi wa tabo hawalijui. Mshale wa joto la maji kwenye dashibodi unafika katikati mapema sana, na mtu anaamini gari liko tayari. Oili inachelewa nyuma ya maji. Mhimili wa tabo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, umeelea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukiudai kazi wakati oili ni nzito na ya baridi, unaula.

Kijana wa saba alijua kuzungumza. Alitaja aina za tabo, akataja ramani, akanisifia kalipa. Lakini alipofika na haraka zake hakutaka mimi nitangulie kuendesha, akasema ana mkutano. Nikamkubalia, kosa langu. Geji ya oili ilikuwa inasoma 45. Nikamwonyesha kwa kidole. "Sawa dada, sawa," akasema, na tulipotoka tu getini akaingiza gia ya pili ikasaga, akakanyaga hadi chini. Nilisikia presha inapanda, nikasikia na pistoni zangu zikilalamika. Nikauweka mkono wangu juu ya wake kwenye gia. "Simama hapo." Akadhani namtania. "Simama." Akasimama. Tukarudi nikiendesha mimi, kimya.

Jioni akanipigia simu: atatoa bei yote niliyoandika, taslimu, kesho yake. Hakuna mwingine aliyekuwa ametaja hata karibu ya hapo. Mume wangu alikuwa amesikia, akaniangalia bila kusema neno, akaniachia mwenyewe. Nilimwambia yule kijana hapana, na nikampa sababu: wiki tano kutoka siku ile angekuwa anasikia tok, tok, tok, na angedhani nimemuuzia ubovu. Alikasirika. Najua wapo mtakaosema hela ni hela, akishalipa lake halikuhusu. Mimi nilishakuwa upande wa pili wa biashara kama ile.

Turudi Jumamosi. Yule kijana wa kiganja hakuja peke yake, alikuja na fundi wake, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. "Shikamoo mama," kijana akasema. Mzee yeye alisema tu, "Tuliwashe, mwanangu."

Nikaliwasha. Ikaja ile sauti niliyoiandika kwa herufi kubwa, kok kok kok, kavu. Kijana akanitazama, na nikaona uso wake umebadilika ingawa alishaiona video. Kusoma ni kitu kimoja, kusikia ukiwa na hela mfukoni ni kingine. Mzee akachomoa bisibisi ndefu kwenye mfuko wake wa nyuma, akaegemeza ncha yake kwenye ubavu wa bloku, akauweka mpini sikioni, akafumba macho. Akasikiliza upande wa kulia, silinda ya kwanza, ya tatu. Akazunguka kushoto, ya pili, ya nne. Akaishusha kwenye sampu, akakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine. Hakuna aliyeongea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika pumzi kama mzazi mlangoni kwa daktari, na injini naijua.

"Juu huku ndiko kunakogonga," akasema hatimaye. "Chini kumetulia. Ni pistoni. Tungoje."

Tukangoja. Ingekuwa beringi, joto lingeizidisha, maana oili inapopata moto inakuwa nyepesi na nafasi iliyolika inadhihirika. Badala yake sauti ikaanza kufifia taratibu, kok ikawa kama kidole kinachogusa meza, kisha ikapotea, ukabaki mngurumo peke yake. Mzee akarudisha bisibisi mfukoni. Kijana akapumua. Kisha akaomba daftari, akakaa kwenye ngazi, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, na alipofika kwenye picha ya beringi ile ya mwanzo iliyokwisha akaniuliza ilikuwaje. Nikamsimulia yote niliyowasimulia nyinyi hapa.

Barabarani aliendesha vizuri. Sitarefusha. Akarudi na hoja moja ya bei, sinkro ya gia ya pili, na mzee akataja gharama ya kushusha giaboksi na kuifungua. Ilikuwa hoja ya haki, nikapunguza nusu ya gharama hiyo. Akatoa arabuni, nikamwandikia risiti, tukakubaliana Jumatatu.

Kwa upande wa hela nilikuwa mkali, kwa sababu wiki moja kabla mtu alinitumia picha ya ujumbe wa malipo ambayo, nilipouliza benki, hakukuwa na hata senti. Na huyu tulikutana kaunta ya benki, hela ikaingia nikiona kwa macho yangu, ndipo ufunguo ukatoka mkobani. Makubaliano tuliandika nakala mbili: namba ya chesi, namba ya injini, kilomita, kila kifaa kisicho cha kiwandani kwa jina lake, kasoro zote za kwenye tangazo, na maneno kwamba amelikagua na fundi wake na analichukua lilivyo. Tarehe, na saa. Saa muhimu sana. Likigongwa au likipigwa faini jioni ileile, karatasi itasema lilikuwa la nani saa ngapi. Kubadili jina la umiliki tulienda siku hiyohiyo, tukiwa pamoja, sikutaka maneno ya "nitabadilisha baadaye". Nikamsihi pia ampe mtu wa bima orodha nzima ya vifaa kabla ya kulipa. Bima iliyokatwa kwa gari la kawaida inaweza kukataa kulipia lililotuniwa, na hilo hugunduliwa siku mbaya kuliko zote.

Nikampa daftari la bluu. Nikampa nakala ya ramani kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia, pamoja na ile ya kiwandani, na magunia mawili ya vifaa vya zamani. Nikamwonyesha tena geji ya oili, ingawa hakuhitaji. Akanishukuru, akakaa, akarekebisha kiti nyuma kidogo maana ni mrefu kuliko mimi, akaondoka.

Nilikuwa nimeshaingia ndani ndipo nikaukuta mezani ule ufunguo mdogo wa nati za kufuli, zile zinazolinda magurudumu yasiibwe. Bila huo, siku tairi likipata pancha njiani, hakuna spana itakayomsaidia. Nikampigia. Alikuwa amesimama kuweka petroli. "Nageuza sasa hivi, mama."

Nikatoka kusimama getini, ufunguo mkononi. Miaka tisa nimelisikia gari lile nikiwa ndani yake, na sikuwahi kulingoja kutoka nje. Nikalisikia kabla sijaliona, ule mngurumo wa kukatikakatika, mbali, nyuma ya nyumba. Nikasikiliza gia. Ya pili, fupi. Ya tatu, mapema. Ya nne, mapema zaidi, mzunguko uko chini kabisa. Lilikuwa limezimwa kwa muda pale kwenye petroli, na alikuwa anaisubiri oili.

Likakata kona, taa zikaniwakia mara mbili, nikainua mkono wenye ufunguo.